Gari lisilo na historia: anza na kilichochomolewa

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nimenunua Toyota IST ya mwaka 2004, namba C, cc 1300, otomatiki. Dashibodi inasoma kilomita 214,000. Aliyeniuzia alikaa nalo miezi minane tu na hajui lolote la nyuma. Kadi imepita kwa watu watatu. Naishi Morogoro. Nitalitumia kwenda kazini na kupeleka watoto shule, na mara mbili kwa mwezi nakwenda Dar. Fundi wa kwanza kasema injini yenye kilomita hizo ifumuliwe kabla haijaniaibisha njiani. Wa pili kasema injini haina neno, ila nisithubutu kubadilisha oili ya giaboksi. Hela niliyobaki nayo si nyingi. Nianzie wapi?"

Salama, dada, na hongera kwa gari. Nianze na hao mafundi wawili. Injini usiifumue. Hakuna anayeweza kuamua injini ifumuliwe kwa kusoma kilomita kwenye dashibodi, na injini ya gari lako, 2NZ-FE, ikipata oili safi na isipochemsha, kwa kilomita 214,000 bado ina kazi mbele yake. Oili ya giaboksi utaibadilisha, ila kwa utaratibu wake na baada ya kuitazama kwanza. Nitafika huko.

Kabla ya yote nataka ujue hatari ya gari la namna hii iko wapi. Kilomita peke yake si tatizo kubwa. Gari lililopita kwa watu watatu bila rekodi huwa limeumizwa zaidi na yale yaliyofanywa ili litembee siku hiyo. Kila kilicholeta usumbufu kilichomolewa, kikaunganishwa waya wa moja kwa moja, au kikazibwa mdomo. Mwenye gari akaondoka na furaha, akaliuza, na wewe umerithi gari ambalo kinga zake zimeondolewa moja moja bila mtu kuandika popote. Kwa hiyo kabla hujanunua spea hata moja, tafuta kwanza kilichochomolewa. Kazi hiyo haili hela, inakula asubuhi moja tu.

Anza ndani ya gari. Zungusha ufunguo mpaka swichi iwake bila kupiga stata. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya airbag, na ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) kama gari linayo, zote zinatakiwa kuwaka, kisha zizime injini ikishaunguruma. Taa isiyowaka kabisa nitaiogopa kuliko ile inayowaka muda wote, kwa sababu balbu yake imetolewa au imezibwa. Nimefungua mita za magari nikakuta kipande cha plasta nyeusi kimebandikwa kwa ustadi nyuma ya taa ya injini. Aliyefanya hivyo alijua analolificha.

Fungua visanduku vya fyuzi, cha chini ya dashibodi na cha ndani ya boneti. Linganisha namba ya kila fyuzi na ile iliyoandikwa kwenye mfuniko. Ukikuta fyuzi ya 30 palipotakiwa 10, au waya wa shaba umepitishwa badala ya fyuzi, gari hilo linaweza kuungua. Usiridhike na kurudisha fyuzi sahihi tu. Fundi umeme atafute kwa nini ile ya kwanza ilikuwa inakatika.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, maana kuchemsha kunaua injini nyingi ndogo kuliko umri wake.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Narudia, ikiwa baridi, maana mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji yanaruka na kuunguza uso. Chungulia ndani. Ukiona kulanti nyekundu au ya pinki iliyo safi, mshukuru mwenye gari wa zamani. Ukiona maji ya kahawia kama ya kutu, gari limekuwa likijazwa maji ya bomba. Kulanti huzuia kutu na huongeza joto ambalo maji huanzia kuchemka. Maji ya bomba hayana kinga hiyo, na chumvi zake huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Ukiona utandu wa mafuta juu ya maji, au chini ya mfuniko wa oili kuna rojo kama maziwa, hapo kuna uwezekano gasketi ya silinda hedi imevuja. Simama hapohapo na umwite fundi apime, usiendelee na hatua nyingine.

Tazama na mfuniko wenyewe. Kazi yake ni kushikilia presha, kama baa 1.1 kwenye Toyota nyingi, na presha hiyo ndiyo inayoyafanya maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Raba ya mfuniko ikiwa imepasuka, maji yatachemka mapema na kumwagika, kisha utaambiwa ununue rejeta. Mfuniko ni spea ya bei ndogo. Nunua mpya, wenye namba ileile ya presha.

Halafu themostati. Hiki ni kati ya vifaa vinavyochomolewa sana nchini kwetu. Kazi yake ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike kama nyuzi 80 na kidogo, kisha kufungua. Gari likianza kuchemsha, fundi mwenye haraka huing'oa na kuitupa, na kuchemsha kunapungua kwa muda. Lakini chanzo, yaani rejeta iliyoziba au feni iliyochoka, kimebaki palepale. Tena injini sasa haifiki joto lake: kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaongeza petroli, petroli inateremka kwenye oili, na injini inalika taratibu huku wewe ukilalamika kwamba IST inakunywa mafuta. Kwenye baadhi ya injini kuitoa themostati kunaongeza kuchemsha, kwa sababu maji hupata njia ya mkato na kuzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Kujua kama ipo ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi, AC ikiwa imezimwa, ukae mbali na mikanda na feni. Baada ya dakika chache gusa kwa tahadhari hozi ya chini ya rejeta. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, hozi hiyo hubaki baridi muda mrefu huku injini ikipata moto, kisha joto linafika. Ikipata uvuguvugu tangu mwanzo pamoja na injini, ama themostati haipo, ama imekwama ikiwa wazi. Rudisha mpya.

Acha injini iendelee kuunguruma mpaka feni iwake yenyewe, ifanye kazi, izime yenyewe. Feni inayozunguka tangu unapowasha swichi, au inayowashwa kwa kitufe cha pembeni kilichofungwa chini ya usukani, imeunganishwa moja kwa moja. Wengi huambiwa huo ni usalama zaidi. Si kweli. Mota ya feni iliyokusudiwa kupumzika inachoka mapema, na siku itakayokufa kwenye foleni ya Kimara hakuna kitakachokuambia. Magari mengi madogo ya Toyota ya kipindi kile hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari tu. Taa nyekundu ikiwaka, tayari umechelewa, na silinda hedi ni ya aluminiamu. Ikipinda, hela ya kufumua injini unayoiogopa itatoka kweli.

Kama maji ni machafu, mwaga yote, jaza maji safi, washa injini mpaka themostati ifungue, acha ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe, kisha weka kulanti nyekundu au ya pinki ya aina inayofaa Toyota. Usichanganye na ya kijani. Ukinunua kulanti nzito ya kuchanganya mwenyewe, tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri (siyo asidi), wala usitumie maji ya bomba.

Mengine ya kuchungulia nitayapitia haraka. Tazama kama gari limenyanyuliwa kwa spesa juu ya shokapu. Spesa nene zinaziweka jointi za ekseli kwenye pembe mbaya, na raba zake hupasuka mapema. Angalia kama filta ya hewa imekuwa ikipulizwa na kompresa mpaka karatasi imetoboka: ishike juani, ukiona nukta za mwanga, vumbi limekuwa likiingia kwenye silinda. Nunua mpya na usipulize tena. Na lala chini uone kama masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi) yapo au yamekatwa na kuuzwa.

Baada ya hapo, jaribu kuisoma historia iliyobaki. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ndogo ya kubadilisha oili, ama kwenye fremu ya mlango wa dereva ama ndani ya boneti. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu utazisoma. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi ya Heisei, hivyo ongeza 1988: ukiona 23.8.15, hiyo ni tarehe 15 Agosti 2011. Pembeni utakuta kilomita. Kama stika inasema gari lilikuwa na kilomita 98,000 wakati ule, basi 214,000 ya leo inaaminika. Kama inasema 160,000, jiulize vizuri, maana gari lililotembea nchini kwetu miaka yote hii kwa kilomita 54,000 tu ni la kutiliwa shaka. Ukiweza kumpata mwenye kadi wa kwanza, muulize kama ana nakala ya cheti cha usafirishaji kutoka Japani. Kwa kawaida nacho huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho kule.

Gari lako lina bahati moja: injini hiyo inatumia taimingi cheni (inayoziendesha valvu zifuatane na pistoni), si mkanda. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa mradi oili ni safi. Sikiliza tu asubuhi ya kwanza, mlio wa kugongagonga kama wa nyororo unaoendelea kwa sekunde kadhaa ni dalili kwamba imelegea. Wenye magari ya mkanda, kama Corolla 110 ya 5A-FE au Noah ya zamani ya 3S-FE, wasisubiri dalili. Kwenye injini hizo mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na usipojua ulibadilishwa lini, uhesabu kwamba haujawahi kubadilishwa.

Hiyo ndiyo kanuni ya kila kitu usichokijua kwenye gari lako: kihesabu kuwa cha zamani, kibadilishe mara moja, kisha andika kilomita. Nunua daftari dogo, likae kwenye gari. Kuanzia hapo historia ipo.

Oili ya injini ndiyo ya kwanza. Tumia 5W-30 au 10W-30. Utashauriwa 20W-50 kwa sababu gari ni la zamani, lakini injini yako ina VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka) na kitu kinachokaza cheni kwa presha ya oili. Oili nzito inavifikia vyote viwili polepole asubuhi, na hapo ndipo injini inapolika. Injini hiyo inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Mafundi wengi humimina galoni nzima ya lita 4 kwa kuwa mteja ameshailipia. Mwambie apime kwa kijiti, inayobaki ni ya kwako ya kuongezea. Na mtu asikushawishi kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Tope la oili lililoganda miaka likibanduka kwa mkupuo linaziba chujio la pampu ndani ya sampu, na injini inanoki ikiwa imetoka gereji. Njia salama ni hii: badilisha oili na filta sasa, tembea kilomita 1,000 hadi 1,500, badilisha tena vyote viwili. Oili mpya ndiyo itakayosafisha, taratibu. Baada ya hapo kila kilomita 5,000.

Katika hizo 1,500 za kwanza, pima oili kila wiki, gari likiwa mahali pa tambarare na injini imepoa, na uandike. Hapo ndipo utakapolijibu lile swali la kufumua injini. Ikila kidogo, ongeza na uendelee na maisha. Ikifikia lita nzima kwa kila kilomita 1,000, au ekzosi ikatoa moshi wa bluu, usikimbilie kufumua. Mwambie fundi apime kompresheni (presha ya ndani) ya silinda zote nne. Zikiwa nzuri na zikikaribiana, huenda ni raba za valvu tu au oili inavuja mahali. Moja ikiachana mbali na wenzake, hapo ndipo mazungumzo ya kufumua yanaanza, kwa ushahidi mkononi. Wakati plagi zimetolewa kwa kipimo hicho, zisome pia: ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni afya, nyeusi yenye mafuta ni oili inapita. Ukibadilisha plagi, nenda na namba ya chesisi dukani. Inaanza na NCP60, na ndiyo itakayokuokoa usiuziwe spea ya IST nyingine.

Sasa giaboksi. Hofu ya fundi wa pili haikutoka hewani. Kuna watu walibadilisha oili ya giaboksi na baada ya wiki gari likagoma kutembea. Lakini karibu kila mara giaboksi hizo zilikuwa zimeshaanza kuteleza, na ndiyo sababu mwenye gari akakumbuka kubadilisha oili. Oili mpya ikapewa lawama ya ugonjwa wa zamani. Vuta kijiti cha giaboksi, futa kwa karatasi nyeupe, tazama na unuse. Nyekundu au ya kahawia isiyo na harufu ya kuungua, na gia zinaingia bila kuchelewa wala kugonga: badilisha. Nyeusi, inanuka kuungua, na ukiweka D gari linasubiri kwanza ndipo lisogee: oili haitalitibu, weka hela yako kwa ajili ya giaboksi nyingine.

Kama iko kwenye kundi la kwanza, usikubali kuoshwa kwa mashine inayosukuma oili yote kwa presha. Fungua nati ya chini, imwagike inayomwagika, ambayo haizidi nusu ya yote, pima kwenye chupa umepoteza kiasi gani, na rudisha kiasi hichohicho cha oili ya aina ya T-IV. Tembea kilomita elfu mbili tatu, rudia. Mara ya tatu ikibidi. IST ya kizazi chako ina giaboksi ya kawaida ya gia nne; zile zilizofuata kuanzia 2007 nyingi zina CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) na oili yake ni tofauti kabisa. Muuza duka akikwambia "hii inaingia zote", toka nenda duka jingine.

Breki na matairi haviwezi kungoja hata mwezi. Oili ya breki hunyonya unyevu, ikizeeka inachemka kwenye breki za mfululizo na pedali inazama. Imwagwe yote, ijazwe DOT 3 mpya, hewa itolewe magurudumu yote manne. Fundi afungue na ngoma za nyuma, maana mbele hutazamwa na kila mtu na nyuma husahaulika. Kwenye matairi usidanganywe na kashata (michirizo ya tairi) nzuri. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata zote na raba iliyokwisha kukauka, na kwenye lami ya mchana kwa mwendo wa barabara kuu ndilo linalopasuka. Angalia pia la akiba.

Shokapu, bushi, boljointi na mauntini za injini zitapiga kelele zake, na nyingi zinavumilika miezi michache. Isipokuwa boljointi na tairodi: zikicheza, badilisha sasa, kwa sababu gurudumu likilala njiani huna pa kulishika.

Kwa hela ndogo uliyobaki nayo, mpangilio wangu ni huu. Wiki hii: ule ukaguzi wa bure, breki, oili na filta, mfuniko wa rejeta, themostati na kulanti. Matairi yakiwa mabovu, yatangulie hata oili. Mwezi ujao: oili ya giaboksi kwa awamu ya kwanza, filta ya hewa, plagi. Mengine yafuate kadiri daftari litakavyokuambia. Mpaka ya wiki hii yaishe, Dar nenda kwa basi. Gari lizungukie mjini Morogoro, ambako likigoma uko karibu na fundi.

Safari yake ya kwanza ya Dar ianze alfajiri. Simama Chalinze, zima, chungulia chini kama kuna kinachodondoka, tazama kiwango cha kulanti kwenye kopo la akiba bila kugusa mfuniko wa rejeta, pitisha mkono karibu na kila gurudumu usikie kama moja lina joto kuzidi mengine. Gurudumu hilo breki yake inakamata. Ukifika, acha injini ipoe kabisa, pima oili, andika. Fanya vivyo hivyo kurudi. Nikumbushe kwa ujumbe ukishakuwa na hizo namba za oili za kilomita 1,500 na rangi ya oili ya giaboksi. Kwa hizo mbili nitakuambia kama kuna haja ya kutoa hela zaidi.